Koo Lisilosikia Dawa

Wanafunzi wangu walinipa jina la Mwalimu Ehem, wakadhani silijui. Nilikuwa nafundisha darasa la sita, watoto 80 na ushei chumba kimoja, na kabla ya kila sentensi lazima nijikohoze: ehem. Nikiwa bado mwisho wa veranda ile ehem ilishanitangulia, nikifika nawakuta kimya kama maji ya mtungini. Kwenye droo ya meza palikuwa na chaki, daftari la mahudhurio na pipi za kifua. Asubuhi naamka koo kavu, mchana sauti imepwelea, jioni nahisi kama tonge la ugali limegoma njiani. Nikimeza mate halishuki, nikinywa maji halishuki.

Sikuwa na homa, sikulazwa, sikukosa kazi hata siku moja. Ndiyo maana nilikaa na hali ile miaka miwili, nikikimbilia duka la dawa kila inaponizidi. Muuzaji alishanizoea. "Koo tena, Mwalimu? Safari hii tukupe kali kidogo." Tulianza na amoksilini, tukapanda kwenye azithromaisini ya siku tatu, tukashuka, tukapanda tena. Dozi sita kwa hesabu yangu. Kila dozi ilinipa nafuu ya siku nne tano, na nafuu hiyo ndiyo iliyonidanganya. Nikimeza vidonge nilikuwa najiona mgonjwa, kwa hiyo nakunywa maji mengi, sipigi kelele darasani, nalala mapema. Sifa zote nikazipeleka kwa kidonge.

Koo linalouma wiki baada ya wiki, mwezi baada ya mwezi, mara nyingi halina kidudu kinachongoja dawa kali zaidi. Lina kitu kinachokwaruza kila siku: moshi, tindikali, vumbi, kamasi zinazotiririka kutoka puani, au kelele zako mwenyewe. Utando wa koo ukichokozwa hivyo huvimba, huwa mwekundu, hutoa makohozi mengi ya kujikinga, na wewe unajikohoza ili kuyatoa, jambo linalouchokoza zaidi. Kidonge cha kuua bakteria hakimjui mchokozi huyo. Kazi iliyopo ni kumtafuta.

Kwanza tutenganishe mambo matatu, maana hapa watu huumia. Lipo koo linalowaka ghafla: jana mzima, leo homa, kumeza ni adhabu, tezi za shingoni zimevimba na zinauma, mafindofindo mekundu yenye utando mweupe, na kikohozi hakipo. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 akiwa hivyo, mpeleke kituo cha afya, usimsukutulishe chumvi ukangoja. Huenda ni bakteria wanaoitwa streptokoka, na wasipotibiwa wanaweza, wiki mbili tatu baadaye, kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu milango ya moyo. Penisilini ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lilipoanza kuuma, moyo unakingwa. Mwenye koo la namna hii anahitaji dawa ya bakteria, na anahitaji dozi nzima, hata kama siku ya tatu ameshaanza kucheza mpira. Mafua ya kawaida nayo huleta maumivu ya koo, lakini hayo huondoka yenyewe ndani ya wiki moja hivi. Mimi nazungumzia la tatu, lile lisiloondoka.

Dalili zake huwa za kuudhi kuliko kutisha. Kuwashwa kooni na kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Kujikohoza bila kujua. Sauti inayokauka au kukatika katikati ya wimbo wa kwaya. Ukavu wa asubuhi, harufu mbaya ya mdomo ambayo mswaki hauiondoi, hisia ya donge. Hilo donge huwatisha wengi, kwa hiyo nitawapa kipimo nilichopewa mimi. Likikusumbua unapomeza mate tu, na chakula chenyewe kinapita vizuri, mara nyingi si uvimbe. Ni misuli ya koo iliyokaza, na hukaza zaidi ukiwa na mawazo. Lakini kama ugali au nyama inakwama hadi uisukume kwa maji, na siku hizi umejikuta unapenda uji kuliko chakula kigumu, hilo ni jambo jingine kabisa na nitalirudia.

Aliyenifungua macho alikuwa tabibu kijana ambaye hakuanza kwa kunifumbua mdomo. Aliuliza, "Mwalimu, jana usiku ulikula saa ngapi, na ukalala saa ngapi?" Nikamwambia, nakula baada ya taarifa ya habari, kama saa tatu, na saa nne nishalala. "Na kiungulia?" Sina, Daktari. Akacheka. "Wengi wenu hamna."

Akanieleza hivi. Pale umio linapoingia tumboni kuna msuli unaojikaza kama mdomo wa mfuko wa kamba. Tumbo likiwa limejaa nawe umelala chali, msuli huo hulegea, na tindikali pamoja na vimeng'enya vya tumbo hupanda. Tumbo lina utando wa kustahimili hayo, na umio nalo huvumilia kiasi. Koo na nyuzi za sauti hazina ulinzi wowote wa maana. Kiasi kidogo sana, ambacho kifuani hukihisi, kinatosha kuziunguza kooni. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na koo la tindikali miaka mingi asijue kiungulia ni nini, na ndiyo sababu koo hilo huwa baya zaidi asubuhi.

Tiba yake kubwa ni saa. Kati ya tonge la mwisho na mto wa kulalia zipite saa tatu. Najua ni rahisi kuandika. Kwenye nyumba ambayo baba anarudi saa mbili na foleni zake, na jiko linawashwa akifika, ni vita. Sisi tulihamishia mlo mkubwa mchana, usiku tukabaki na kitu chepesi. Mwezi wa Ramadhani huwa mgumu zaidi, kwa sababu watu hula daku wakajirudishia usingizi hapo hapo. Afadhali daku liwe dogo, ukae wima mpaka alfajiri, ndipo ujilaze. Punguza vya kukaanga, pilipili, kahawa, soda na pombe. Na hapa nitawaudhi wapenzi wa chai ya ndimu na tangawizi: kwa koo la mafua inaliwaza, lakini kwa koo la tindikali ndimu ni kuongeza asidi juu ya kidonda. Jirani yangu alikunywa ndimu kila asubuhi kwa mwaka mzima akitibu kile ambacho ndimu ilikuwa inakichokoza.

Kitanda nacho. Weka matofali chini ya miguu ya upande wa kichwa, kiinuke sentimita 15 hadi 20. Mito miwili mitatu haifai, inakukunja tumbo na kuzidisha. Kama daktari akikuandikia omeprazo, meza nusu saa kabla ya kula, si baada, na usitegemee koo lipone kwa siku saba. Kiungulia huisha mapema, koo huchukua miezi miwili hata mitatu. Wengi huacha wiki ya pili wakisema dawa haifanyi kazi.

Mchokozi wa pili yuko jikoni. Mwanamke anayepika kwa kuni au mkaa kwenye jiko lisilo na dirisha anavuta moshi saa nyingi kwa siku, na mtoto aliye mgongoni anavuta naye. Tanzania ilizindua Mei 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Vizuri sana, lakini maharage yanapikwa leo. Yaloweke usiku kucha, yataiva kwa muda mfupi zaidi. Funika sufuria. Kausha kuni, mbichi ndizo zenye moshi. Toa jiko nje kila hali ya hewa inaporuhusu, na mkaa usiwashiwe ndani kamwe, kwa sababu gesi yake inaua waliolala. Na moshi si wa jikoni peke yake. Dawa ya mbu ya kuchoma ndani ya chumba kilichofungwa, udi na ubani kila jioni, sigara ya baba sebuleni, shisha ya vijana: koo halibagui. Sigara ninaitaja mara moja tu kwa kuwa kila mtu anajua, ila niongeze kwamba mvutaji akiungana na pombe kali, hatari ya saratani ya koo haijumlishwi, inazidishwa.

Wengine tatizo lao haliko kooni, liko puani. Anapiga chafya asubuhi, pua inaziba upande huu na kuzibuka upande ule, na nyuma ya koo anahisi kitu kinatiririka. Usiku analala mdomo wazi, anakoroma, koo linakauka. Huyo atibiwe pua. Vumbi lipunguzwe: nyunyiza maji kabla ya kufagia, anika godoro na mito juani, na ubao wa darasa ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu badala ya dasta inayomwaga unga wa chaki usoni. Unaweza kuosha pua kwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai katika nusu lita, lakini maji hayo lazima yawe yamechemshwa yakapoa. Usitumie ya bomba.

Halafu kuna dawa zenyewe. Mtu ana shinikizo la damu, anameza kidonge chake kwa uaminifu, na miezi michache baadaye anaanza kikohozi kikavu cha kuwasha kooni. Anapimwa kifua, kisafi. Angalia pakiti: kama jina la dawa linaishia na "pril", kama enalaprili, kaptoprili au lisinoprili, huenda umempata mhusika. Usiiache mwenyewe, shinikizo litakuangusha. Rudi kliniki uwaambie, zipo za kubadilisha. Na mwenye pumu anayetumia pampu ya kuzuia asukutue mdomo na kutema kila baada ya kuvuta, la sivyo dawa inayobaki huleta utando mweupe wa fangasi kooni. Utando kama huo kwa mtu asiyetumia pampu ni sababu ya kupima virusi vya ukimwi na sukari, mapema na bila kuogopa.

Na sauti. Mwalimu, mwadhini, mhubiri, kondakta wa daladala, muuza samaki wa mnadani, wote wanaishi kwa nyuzi mbili nyembamba ndani ya koo zinazogongana mara 100 na zaidi kwa sekunde. Kupiga kelele ni kuzigonganisha kwa nguvu, na kujikohoza ndiko kubaya kuliko vyote. Ile ehem yangu ilikuwa kofi ninalozipiga nyuzi zangu mara mia kwa siku. Mazoezi niliyopewa ni haya: ukisikia inakuja, meza mate, au kunywa funda la maji, au vuta pumzi puani na uitoe taratibu. Wiki ya kwanza nilishindwa kila saa. Darasani nikaanza kutumia makofi mawili badala ya kupaza sauti, nikawasogeza wasumbufu mbele, nikaweka chupa ya maji mezani. Sauti ikikauka, pumzika. Na kunong'ona kwa kulazimisha si mapumziko, ongea kidogo na kwa sauti ya chini ya kawaida.

Sasa kimeo. Siwezi kuandika juu ya koo nikakiruka, maana katika mitaa yetu kila kikohozi kisichoisha hupewa jina hilo. Kile kijinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo, kidakatonge, kinasemwa kimerefuka na kinamkwaruza mtoto, basi kikatwe. Nilimshuhudia mjukuu wa jirani, mtoto wa miezi minane, akirudishwa kutoka kwa fundi akiwa ameviringishwa kwenye kanga. Bibi yake alifurahi kwamba hakohoi tena. Nilipofunua ile kanga, upande wa shavu ulikuwa umelowa damu, na mtoto hakuwa analia, alikuwa ametulia mno. Tulimkimbiza hospitali, akaongezwa damu, akapona. Wengine hawawahi. Kisu kile kile kinapita midomo mingi, na kinaweza kuacha pepopunda, usaha shingoni au virusi.

Kijinyama hicho kina kazi. Hulainisha koo kwa mate mepesi, na pamoja na kaakaa laini hufunga njia ya pua ukimeza, maziwa yasitokee puani. Kikivimba, kimevimba kwa sababu koo zima limevimba: kwa kikohozi, kwa tindikali, kwa kukoroma. Kukikata ni kumkata shahidi ukamwacha mwizi. Kikohozi cha mtoto kinachoendelea wiki mbili na zaidi kinataka kupimwa kifua, ikiwamo kifua kikuu, ambacho dawa zake hutolewa bure.

Mafindofindo ni habari tofauti kidogo. Yapo yanayostahili kutolewa, lakini hospitalini, na kwa kipimo: vipindi saba vya kuugua kweli ndani ya mwaka mmoja, au vitano kila mwaka kwa miaka miwili, au vitatu kila mwaka kwa miaka mitatu. Pia mtoto anayekoroma hadi pumzi inakatika usingizini. Vile vijipande vyeupe vyenye harufu, mithili ya punje za mchele, vinavyotoka ukikohoa, ni mabaki yaliyoganda kwenye mashimo ya mafindofindo. Havina hatari, sukutua baada ya kula.

Kwa nafuu ya kila siku wakati unamtafuta mchokozi, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua na uteme, mara mbili tatu kwa siku. Asali inatuliza, ila asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Mafuta ya taa, sabuni ya unga, kidole chenye mkaa na chumvi cha kuminyia mafindofindo, yote niliyafanyiwa utotoni na sitaki yamfike mtu. Na chai iache ipoe kidogo. Mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani aliweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 katika kundi la vile ambavyo yumkini husababisha saratani ya umio, na ukanda wetu wa Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi wa saratani hiyo. Sisi tunaosifu chai kwa kusema "imenichoma vizuri" tujifikirie.

Nilisema nitarudi kwenye chakula kinachokwama. Hiyo ni safari ya hospitali wiki hii, si mwezi ujao. Vivyo hivyo sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu bila mafua, hasa kwa mvutaji aliyepita miaka 40. Damu kwenye makohozi. Kupungua uzito bila kujinyima. Uvimbe shingoni usioondoka. Maumivu ya sikio la upande mmoja wakati sikio lenyewe ni zima. Jasho la usiku na kikohozi. Na mtu mwenye homa anayeshindwa kumeza hata mate, udenda unamtoka, au anavuta pumzi kwa mlio, huyo ni wa usiku huu huu.

Ukifika kwa daktari wa masikio, pua na koo, usiogope vifaa. Atatazama kwa kioo kidogo chenye mkono, au apitishe puani mrija mwembamba wenye kamera baada ya kukupulizia dawa ya ganzi. Ni dakika chache. Kioo kile kina historia inayonifurahisha kama mwalimu: aliyejulisha ulimwengu njia ya kuzitazama nyuzi za sauti za mtu aliye hai hakuwa daktari, alikuwa mwalimu wa kuimba, Manuel García, aliyejimulika koo lake mwaka 1854 kwa kioo cha daktari wa meno na mwanga wa jua. Aliishi miaka 101. Nenda na daftari dogo ambalo kwa wiki mbili umeandika ulikula saa ngapi, ulilala saa ngapi, koo lilizidi wakati gani, ulikuwa wapi, na dawa zote unazomeza, hata za mitishamba. Daftari hilo litamsaidia kuliko kumwambia "Daktari, koo tu linanisumbua."

Mimi matofali yalinichukua miezi mitatu. Wiki za mwanzo mimi na mke wangu tulikuwa tunaamka tumeteleza, miguu imetoka nje ya chandarua, mbu wamekula vidole, naye akaniuliza kama ugonjwa ni wangu kwa nini anaadhibiwa yeye. Tukatandika blanketi zito chini ya shuka, tukaacha kuteleza. Muuza duka akadhani nimehama mtaa.

Mwaka jana, stendi, kijana mmoja alinigusa bega. "Shikamoo, Mwalimu." Marahaba. Akacheka kwa aibu, akasema alikuwa amekaa nyuma yangu muda wote tunangoja basi, hakunijua kabisa, na alipogundua ni mimi alishangaa kwa sababu hakuwa amesikia ile, na hapo akaiga vizuri sana, ehem.